Meno ya Chini ya Fundi Mwoga

Alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye mwenyewe alianza nalo. Mteja mpya akipanda ngazi hadi karakana yetu, pale juu ya duka la vitambaa mjini Nyeri, Fundi alimpa kiti na kumwambia, "Karibu. Mimi ni mwoga, kwa hivyo meno yako yatachukua wakati." Mteja alicheka akidhani ni utani wa kumkaribisha. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikipima kila kitu upya kwa sababu ya huo woga wake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari, na ukimwita daktari aligeuka kutazama mlangoni kana kwamba askari yuko nyuma yako. Daktari ndiye anayeng'oa na kuchukua chapa ya ufizi. Chapa ikitufikia, sisi tunamimina plasta, tunapanga meno kwenye nta, tunapika plastiki ya waridi mpaka ifanane na ufizi wa mtu. Nilikuja kwake nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu na maneno mengi, nikakaa miaka kumi na mitano. Aliniita Maitu, yaani mama, jinsi wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana wanaowapenda. Nilipokosea aliniita Maitu vilevile, ila kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini niliiogopa kuliko matusi.

Aliogopa mbwa, lifti, mvua ya mawe, chai ya moto, na simu inayolia kabla ya jua kutoka. Kwenda Majengo kununua mkate alizunguka barabara nzima kwa sababu ya mbwa mmoja aliyekuwa amelala mbele ya kinyozi, mbwa mzee ambaye hata nzi hakumfukuza. Watu wa kinyozi walimcheka waziwazi. Yeye aliinua kofia, akawajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chekeni tu," akaenda zake na mkate wake. Nilikuwa naona haya kutembea naye.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kitu alichokiogopa kabisa, mpaka kikamnyima usingizi, ni lawama. Kuambiwa, "Fundi, hii meno uliharibu." Mteja akichelewa kurudi, mimi nilidhani amesafiri, Fundi alidhani amekabwa na jino. Alikuwa na daftari la namba za simu za wateja, na Jumatatu asubuhi alikaa dirishani akiwapigia mmoja mmoja. "Habari ya meno? Yanakaa? Hayaumi? Una hakika?" Mzee mmoja wa Karatina alichoka, akamwambia, "Fundi, tafadhali, meno yako ni sawa, wewe ndiye unaniuma."

Na sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kulipatanisha na huo woga. Kuna mama mmoja alikufa meno yake yakiwa bado kwenye nta. Kwetu mtu hazikwi kabla watu hawajapita kumwona uso, na wanawe walikuja karakana wakilia kwamba mama yao ataonekana amekunja mdomo kama mfuko mtupu. Mimi nilisema pole, haiwezekani. Fundi alivaa aproni. Alifunga mlango, akapika yale meno siku hiyohiyo, akayang'arisha, akaenda chumba cha maiti peke yake kuyavalisha. Aliporudi nilimuuliza kama hakuogopa. Akanishangaa. "Niogope nini? Yule hawezi kunilaumu." Alisema hivyo huku akila ndizi.

Meno ya juu aliyapenda. Yanashika kwenye kaakaa la mdomo, yananyonya, yanatulia. Meno ya chini aliyaogopa, na hapo woga wake ulikuwa na akili. Ya chini hayana pa kushika. Ulimi unayasukuma huku, mashavu kule, na ufizi wenyewe kila mwaka unaisha, unaisha, mpaka mtu anabaki na taya jembamba kama ukingo wa sahani. Ndiyo maana karakana ilikuwa na chupa ya kuweka chakula moto, na ndani yake githeri. Mteja hakuondoka na meno ya chini bila kula githeri mbele ya Fundi, kijiko baada ya kijiko, mahindi na maharagwe, kisha ahesabu kwa sauti: sita, saba, sitini, sabini. Meno yakipiga kelele kwenye saba, Fundi aliyarudisha mezani. Kuna bibi mmoja wa kanisa alisema amekuja kuchukua meno akapewa mtihani wa darasa la kwanza.

Kulikuwa na kisa alichonisimulia kila mwaka, kwa maneno yaleyale, nami kila mwaka nikatetemeka. Siku hizi daktari anaweza kupanda skrubu mbili kwenye taya la chini, mbele, zikashikana na mfupa, na meno ya bandia yakafungwa juu yake. Kazi ya kuunganisha inafanywa mdomoni: unatia plastiki laini ndani ya meno, unayakalisha juu ya skrubu, unangoja plastiki igande. Basi fundi mmoja wa zamani, sitamtaja kwa kuwa Fundi hakumtaja, alisahau kuziba nafasi iliyo chini ya kichwa cha skrubu. Plastiki ikaingia pale, ikaganda, ikakumbata. Meno yakagoma kutoka. Mgonjwa akakaa kwenye kiti asubuhi nzima mdomo wazi, machozi yakimtoka, daktari akiyakata meno vipande vipande ndani ya kinywa chake. "Mdomo wa mtu, Maitu," Fundi alimalizia, "usiwahi kuufunga na kitu ambacho mwenyewe hawezi kufungua." Nilikuwa naitikia kama mtu anayeitikia amina.

Mpaka uzeeni, yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari. Eeh! Mtu aliyewavalisha meno nusu ya wazee wa Nyeri, yake mwenyewe aliyang'oa kwa uzi wa kushonea, moja baada ya jingine, kadiri yalivyolegea. Akajitengenezea ya juu na ya chini, mazuri ajabu. Lakini taya halimwogopi fundi. Lake lilikwisha kama la watu wengine, na mimi nikaanza kumwona akiongea huku amebana mdomo kwa kidole, akijifanya anafikiri.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo, kijiko kikigonga kikombe. Halafu hakuweza tena kupanga jino kwenye nta. Hospitali wakampa jina la ugonjwa na dawa za kumeza kila baada ya saa chache, na siku moja akavua aproni, akaikunja, akaiweka mbele yangu. Karakana ikawa yangu hivyo, bila hotuba. Akaenda kukaa Kiganjo kwa mwanawe. Mke wake alishafariki, na mwanawe anafanya kazi ya malori Kenol, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Kwa hiyo siku nyingi Fundi alikuwa pale na mke wa mwanawe, mama mpole anayefuga kuku, na watoto wakishaenda shule nyumba ni ya wao wawili.

Na ya chini hayakukaa tena. Hakuweza kula githeri, akaacha nyama, akaacha viazi, akabaki na uji. Alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Nilipomwona kanisani nilishtuka, nikaenda moja kwa moja kwa daktari. Daktari wetu ni kijana wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa chini yetu. Alizaliwa Nyeri hii hii na Gikuyu chake ni safi kuliko cha watoto wangu. Akasema, "Mlete tumpandie skrubu mbili."

Kumleta! Mara ya kwanza Fundi alikaa kwenye kiti, akasikia kinavyoshuka nyuma, akaruka. Mara ya pili alifika mpaka kufungwa kitambaa cha kifuani, na tukampata chini barabarani akiwa nacho shingoni, anaulizia gari la Kiganjo. Mara ya tatu aliniambia, "Maitu, shika kiatu changu." Nilikishika. Muda wote daktari akitoboa mfupa, mimi nilikuwa nimechuchumaa nimeshika kiatu cha mzee, naye hakuruka.

Skrubu zilipopona baada ya miezi kadhaa, ikaja shida ya kuchagua: meno yafungwe kwa nini? Nilimwekea mezani karakana mataya matatu ya plasta, kila moja na namna yake. La kwanza lilikuwa na reli, fimbo fupi ya chuma inayounganisha skrubu mbili, na meno yanaibana kwa vibanio. La pili lilikuwa na vifungo, kama vile vya kubana vya gauni la mtoto: kichwa cha chuma kwenye taya, na ndani ya meno kipete cha nailoni. Vipete viko vya rangi, cheupe kikiwa kigumu kabisa, cha waridi wastani, cha buluu laini. La tatu lilikuwa na sumaku.

Daktari alitaka reli. "Hiyo haiendi popote, Mzee. Utakula hata mahindi ya kuchoma."

"Itatoka aje?" Fundi akauliza.

"Unaivuta tu na vidole."

"Vidole gani?" akasema, akaunyanyua mkono wa kulia tuuone unavyocheza. "Na ikikataa, ni nani atanitoa?"

Daktari akajibu bila kuwaza, "Si uko na mke wa kijana wako nyumbani? Tutamfundisha."

Fundi aliushusha mkono, akautia mfukoni. Mimi nilielewa. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Mke hampi mzee kikombe mkononi, anakiweka mezani. Hakai kwenye kiti chake, hata kitupu. Sasa aje amwingize vidole kinywani, amtoe meno, amwone alivyo bila meno, yeye ambaye hata marehemu mkewe hakumwona hivyo? "Afadhali uji," Fundi alisema. Sauti ilikuwa ile ya chini.

Akaanza kujaribu. Siku nzima alikaa pale na yale mataya, akirudia kila saa, dawa ikiwa imempanda na ikiwa imemshuka. Reli hakuiweza hata mara moja. Cheupe hakukiweza, isipokuwa dawa ikiwa juu kabisa. Cha waridi mara kilikubali mara kilikataa. Sumaku zilitoka vizuri, hata kwa ulimi zingesukumwa, lakini zilipepesuka alipozikandamiza upande mmoja, na daktari akasema katika mate chuma chake huliwa na kutu upesi. Cha buluu kilitoka karibu kila mara. Jioni akakigonga kwa kucha. "Hiki. Kinashika kidogo, lakini kinaniachilia."

Tukakubaliana, cha buluu. Daktari akaandika.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo ninapojilaumu. Wiki hiyo mke wa mwanawe alinipigia simu kuniuliza jambo la dawa, na katika kuongea akaniambia Baba anasinzia kwenye kiti mchana na meno yake ya zamani mdomoni, na juzi yalilegea akapaliwa, akakohoa mpaka akageuka rangi. Alifikiri amekufa. Nilikata simu. Nikaanza kuona: kipete cha buluu kimelegea, meno yameteleza nyuma, mzee peke yake, kuku nje. Na watu wakiuliza, nani alitengeneza? Nilirithi karakana yake na nikarithi ule ugonjwa wake wa lawama pamoja na nyundo na visu.

Nikaweka cheupe. Vyote viwili. Daktari alipoyageuza meno mkononi akasema, "Si tulisema buluu?" Nikamwambia Fundi amebadilisha mawazo. Uongo mtupu, tena kwa uso mkavu. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine wakingoja, akaamini.

Siku ile dawa ilikuwa imemkubali Fundi. Meno yakaingia, tak, tak. Tukamwambia ayatoe. Alisukuma kwa vidole gumba vyote viwili, jasho likimtoka kwenye paji la uso, yakatoka. Akayageuza, akayatazama ndani kwa muda. Akayarudisha mdomoni, akasema, "Yanashika." Tukampa githeri. Alimaliza sahani, na daktari akampigia makofi. Mimi nilienda chooni nikalia, sijui ni kwa furaha ama kwa hofu.

Miezi ikapita. Alinona kidogo, kamba ya suruali ikaondoka. Nikajiambia, umeona? Ulifanya vizuri.

Halafu mke wa mwanawe akanipigia kabla ya jua. "Baba hali tena. Na kinywa chake kiko na harufu, nasikia nikiwa mlangoni. Siwezi kumuuliza. Tafadhali kuja."

Nilimkuta kwenye kiti chake, blanketi magotini. Sasa mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka. Aliponiona akageuza uso ukutani.

"Fundi, ni lini uliyatoa mara ya mwisho?"

Akavuta blanketi mpaka kifuani.

"Fundi."

"Wiki tatu," akasema. "Ama nne. Yalikataa, Maitu. Nikaona labda kesho."

Nilinawa mikono, nikavaa glavu, nikaketi mbele yake kwenye kigoda. Ilinibidi nisukume kwa nguvu ambayo sikutegemea, na yalipotoka yalitoka na damu na usaha, na chini yake ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu kama nyama mbichi. Nilizishika skrubu kwa kidole, moja baada ya nyingine, nikiomba Mungu. Hazikucheza. Mfupa ulikuwa bado umezishika. Wiki moja zaidi, sijui. Mzee alikuwa analia bila sauti, na mdomo wake bila meno ulikuwa mdogo sana.

Nikamwambia. Ningefanya nini? "Fundi, ni mimi. Tulisema buluu, mimi nikaweka nyeupe. Niliogopa yatakukaba, na nitaambiwa ni mimi. Nikadanganya daktari."

"Niliona," akasema.

"Uliona lini?"

"Siku ileile. Si niliyageuza? Nyeupe mbili. Mimi bado niko na macho."

"Sasa mbona ukanyamaza? Wiki nne unaoza mdomo, unanyamaza?"

Alijipangusa kwa kona ya blanketi, mkono ukikosa jicho na kurudi. "Ningesema nini? Ningesema, daktari angejua ulimdanganya. Angekulaumu. Karakana ni yako sasa, Maitu, na kazi yote inatoka kwake. Niliogopa."

Nilimsafisha kwa maji ya chumvi. Nikatoa vipete vyeupe kwa ncha ya chuma, nikaweka vya buluu nilivyobeba kutoka karakana, nikayarudisha meno taratibu mahali pake, kwa sababu nilitaka kujua. "Jaribu," nikamwambia. Alijaribu. Vidole viligonga kidevu, vikagonga shavu, vikaingia vikateleza. Akajaribu tena, na tena. Vile vya buluu, ambavyo siku ile vilimwachilia karibu kila mara, sasa havikumwachilia. Mikono ilikuwa imekwenda mbali kuliko kipete chochote.

"Utakuwa unakuja?" akaniuliza. "Kila jioni?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nina watoto watatu na karakana, na kutoka mjini hadi Kiganjo na kurudi kila jioni ni uongo mwingine. "Siwezi, Fundi."

"Basi yatoe, yakae kwa glasi. Nitakunywa uji." Alisema kama mtu anayefunga duka.

Mke wa mwanawe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na beseni la maji, sijui tangu lini. Alikuwa amesikia yote. Niliona maji yakicheza ndani ya beseni. Akaliweka chini. Akapita karibu na kile kiti ambacho hakuwahi hata kukiegemea.

"Baba," akasema, macho chini, "ule uji ulikunywa ukabaki mifupa. Mimi ndiye nilikuwa naona. Mimi ndiye nitaulizwa." Kisha akaniambia mimi, "Nionyeshe."

Fundi alinitazama. Sijawahi kuona mtu akiogopa hivyo, hata siku ya kutobolewa mfupa. Alikuwa ananiomba niseme hapana, niseme ni kazi ya wataalamu, niseme chochote. Na mimi niliogopa pamoja naye, kwa sababu sikujua kama baada ya hapo hao wawili wataweza kutazamana mezani. Nikavua glavu. Nikainuka, nikamwachia yule mama kigoda.

Aliketi. Magoti yao yalikaribiana na wote wawili wakayavuta nyuma.

"Baba, fungua."

"Umenawa?" Fundi akauliza.

"Nimenawa, Baba."

Akafumba macho kwanza. Kisha akafungua mdomo.